Maji Yaliyopitia Jikoni

Mogogosiek,
11 Januari 2025

Kwa mwanangu Kemuma,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi, wewe uliyekimbilia Lodwar kuota jua. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la mama yako mdogo Nyambeki, ambalo linauma kila mvua inapokaribia na linauma zaidi mvua isipokuja. Ng'ombe amezaa ndama dume, kwa hiyo usinipongeze. Watoto wa jirani yetu Chepchirchir wamerudi shuleni na mapera yetu sasa yanaiva bila wasiwasi.

Najua utashangaa kwa nini nakuandikia barua na simu iko. Wakati wa Krismasi tulipoanza mambo ya kuni na stima ulinikatiza, nami nikakukatiza, hadi Nyambeki akaninyang'anya simu na kuizika kwenye debe la unga. Mpaka leo ukiipiga inatoa vumbi. Barua haikatizwi. Opiyo, yule dereva anayepeleka chai kwa maduka ya huko kwenu, amekubali kuwa posta yetu.

Sasa sikiliza. Sisi wakulima wa chai tumeletewa pendekezo jipya. Wanataka tujenge mtambo wa stima kwenye mto pale chini, ili kiwanda kiache kununua stima ya gharama. Hilo sina neno nalo. Lakini mwenyekiti wetu Kipkoech anasema pia tupunguze kuni kwenye boila, na kila mwenye mikaratusi karibu na chemchemi aing'oe, eti miti hiyo inakunywa maji ya mtambo. Kura itapigwa mwezi wa saba.

Mimi nimelisha boila ya kiwanda nusu ya maisha yangu. Chai haikaushwi kwa sera, inakaushwa kwa moto. Na ile mikaratusi yangu iliyo juu ya chemchemi, mimi na baba yako Mosoti, Mungu amrehemu, tuliipanda kwa mikono yetu. Kila muhula uliposogea, mti mmoja uliangushwa ukaenda kiwandani, nawe ukaenda shule. Ukafika chuo kikuu kwa miguu ya miti. Sasa umekaa ofisini unaandika sera ya kawi, na sera yenyewe inasema miti ni mibaya. Hebu nieleze, nani alikula mwenzake hapo?

Nijibu kwa adabu.

Baba yako mdogo,
Sagini


Lodwar,
16 Februari 2025

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikinukia chai na dizeli, nikaisoma nikiwa nimesimama getini. Mimi ni mzima. Jua la huku haliotwi, linamkaanga mtu. Mwambie Mama Mdogo nimempelekea mafuta ya kuchua goti, Opiyo anayo. Kuhusu ndama nakupongeza kwa nguvu, ili ukasirike vizuri.

Nitajibu kwa adabu. Ni kweli nilisomeshwa na miti, na sijawahi kusema miti ni mibaya. Ninasema mkaratusi uliopandwa kichwani mwa chemchemi una kiu ya ulevi. Uupande kule juu penye mawe, ulishe boila, na mimi nitakuja kukushikia panga. Kuna pia makaa ya kubana yanayotengenezwa kwa vumbi la mbao na maganda. Yanaweza kuwaka kwenye boila bila mti mzima kuanguka.

Lakini hebu nikuulize wewe, fundi wa moto. Mtambo wa stima unakunywa nini? Maji. Mto wenu unatoka wapi? Kwa vichemchemi kama chako. Ukipiga kura ya ndiyo kwa mtambo na ya hapana kwa chemchemi, utakuwa umenunua ng'ombe ukamnyima nyasi.

Na mbona umeniandikia kurasa nzima, ng'ombe, goti, mapera, na chemchemi yenyewe hukunipa habari zake? Baba aliitengeneza kwa mawe, akaweka kile kipande cha bomba ili tusipige magoti. Nikitoka shule nilikuwa naweka mdomo pale kabla hata sijavua mkoba. Bado inatiririka?

Huku naandika sera ya kupunguza makaa. Nimependekeza wanaouza makaa barabarani wapigwe faini. Mkubwa wangu ameipenda sana.

Wako mtiifu, siku zingine,
Kemuma


Mogogosiek,
23 Machi 2025

Kwa Kemuma mwanangu,

Usiseme nimechelewa. Opiyo alivunjikiwa na gari Kitale na barua ikakaa naye huko wiki nzima ikila chapati. Nyambeki amepaka ile dawa yako na sasa nyumba nzima inanuka hospitali, lakini juzi alitembea mpaka kwa mamake Sotik na kurudi akiimba. Yule ndama tumemwita Sera, kwa sababu ana kelele na hatoi maziwa.

Maneno yako ya ng'ombe na nyasi niliyasoma mara mbili. Ulifundishwa vizuri, na mimi ndiye niliyelipa, kwa hiyo najipongeza. Lakini nina habari za kukunyamazisha. Kamati ya wakulima ilizunguka vilima vyote mwishoni mwa mwezi wa pili kukagua chemchemi, wakati jua lilikuwa limekausha hata machozi. Kwa Obure walikuta matope. Kwa mama Janefer walikuta vyura wakilalamika. Walipofika kwangu, mikaratusi ikiwa imesimama pale pale juu, walikuta maji yanatiririka kwa lile bomba la baba yako kama mwezi wa tano! Kipkoech mwenyewe alivua kofia. Akaandika, akanipa mkono.

Chepchirchir alikuwa akipita na mtungi wake. Akakinga kikombe, akaonja, akaniangalia. "Mzee," akasema, "maji ya leo imepitia jikoni?" Kamati ikacheka sana. Huyo mama ana mzaha.

Kwa hiyo swali lako limejibiwa na watu wazima walioketi kwenye kamati.

Sasa na mimi nikuulize jambo dogo. Opiyo anasema alipokuwa anakuja huku, alikuona kando ya barabara nje ya mji wenu unakazana kufunga gunia la makaa kwenye pikipiki. Nikamwambia haiwezekani. Kemuma wangu anaandika sera ya kupiga watu faini kwa makaa. Lazima ni mtu mwingine mwenye sura yake, kitambaa chake cha kichwa, na ile tabia yake ya kugombana na kamba. Nimesema ukweli?

Baba yako mdogo mwenye chemchemi,
Sagini


Lodwar,
20 Aprili 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo na heri ya Pasaka. Natumaini Sera hajachinjwa. Huku mvua ilinyesha siku moja, watu wote wakatoka nje kuitazama, hata mkubwa wangu alisimamisha mkutano.

Kuhusu mwanamke wa pikipiki: gesi yangu iliisha, na mtungi mwingine ulichukua muda mrefu kufika. Lile gunia lilikuwa la utafiti. Nimetafiti maharagwe, nimetafiti chai, na jana nimetafiti ugali wa wimbi. Mama anayeniuzia makaa ananiita "mteja wangu wa serikali". Sina zaidi ya kusema hapo, na nakuomba uyaachie hapo.

Sasa kwa utulivu turudi kwa maji. Nilisoma barua yako nikicheka, halafu nikafika kwa Chepchirchir nikaacha kucheka. Maji ya chemchemi hayawezi kuwa na ladha ya jikoni, Baba Mdogo. Ila kuna tangi moja pale nyumbani linalokinga maji kutoka paa la jiko la kuni, paa lililojaa masizi tangu kabla sijazaliwa. Mama alikuwa akitukataza kunywa hayo maji kwa sababu chai yake hutoka na ladha ya moshi. Na tangi hilo liko juu, na chemchemi iko chini.

Nilimpigia Mama Mdogo kumsalimia. Sikumuuliza kitu, naapa. Yeye mwenyewe alilalamika kwamba siku kamati ilipokuja alitafuta mpira wake wa kumwagilia sukuma akaukosa, na jioni akaukuta umelala kwenye majani ya chai, ukiwa na matope upande mmoja.

Ulitandaza mpira kutoka kwa tangi mpaka nyuma ya mawe ya Baba, ukaufukia majani, ukafungua koki kamati ilipotokea. Au nakosea?

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini pia nimeumia. Maji ya kuigiza hayazungushi mtambo. Na kama bomba la Baba limekauka, Chepchirchir anateka wapi? Ni mpaka mtoni, na kilima kile nakijua. Anajua ulichofanya, na alikuficha mbele ya watu kwa sababu ya ujirani.

Niambie tu ukweli wa chemchemi. Sitaandika sera juu yake.

Kemuma


Lodwar,
22 Juni 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Opiyo amepita mara tatu mikono mitupu. Ya kwanza alisema ulikuwa kwenye kituo cha kupimia majani. Ya pili, kwamba hukuwa na kalamu. Ya tatu akaniangalia kwa huruma akanipa ndizi.

Nikikupigia simu unasema uko shambani, na nasikia redio ya sebuleni.

Kama mzaha wangu ulipita kiasi, nisamehe. Wewe ndiye uliyenifundisha mchezo huu, nilipaswa kujifunza pia mahali pa kukomea. Sitaki ukate mti kwa sababu mimi nimesema. Ninakuogopa ukinyamaza kuliko ukinikaripia. Tafadhali niandikie, hata kama ni kunikaripia.

Msalimie Mama Mdogo, na Sera.

Mwanao,
Kemuma


Mogogosiek,
17 Agosti 2025

Kwa mwanangu Kemuma,

Kalamu nilikuwa nayo. Opiyo ni mwongo mzuri, nilimwambia aseme hivyo.

Sisi ni wazima. Nyambeki amenunua mpira mwingine wa kumwagilia na anaufungia chumbani kwetu. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa kali, majani ya chai yamejikunja, na mimi nilipata kikohozi nikanyweshwa dawa zote za ukoo.

Hukukosea kuhusu mpira. Ulikosea kitu kimoja tu: sikuufukia kwa majani ya chai, niliufukia kwa majani ya viazi, kwa sababu mimi si mshamba.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa kwako. Ile mistari ya mikaratusi iliyobaki, Kemuma, ndiyo ya mwisho aliyopanda Mosoti. Mimi nilichimba mashimo, yeye akashika miche. Alikuwa anaumwa tayari na hakutaka mama yako ajue, kwa hiyo akichoka alikuwa anajifanya anapima kama mstari umenyooka. Mistari imenyooka sana. Ukiniambia miti hiyo inakunywa chemchemi yake, unaniambia mkono wake mmoja unakausha kazi ya mkono mwingine. Sikutaka kuyasikia hayo. Nikaona afadhali nidanganye kamati.

Siku ya mkutano wa kura ilikuja. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Obure alisema mikaratusi ing'olewe, kwake kumebaki matope. Wenye miti wakapiga kelele. Hapo Kipkoech akasimama akasema: "Ngojeni. Sisi tulitembea, tukaona na macho. Kwa Mzee Sagini miti iko juu ya maji na maji iko mingi. Basi hiyo maneno ya kung'oa tuitupe."

Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeshinda. Kila mwenye mkaratusi alikuwa anakwenda kuuacha palepale, kwa ushahidi wa tangi langu. Niligeuka nikamwona Chepchirchir amekaa upande wa akina mama. Alikuwa anasugua bega lake, lile la kubebea mtungi.

Nikasimama. Nikasema, "Mwenyekiti, ile maji mliona ilikuwa ya tangi. Chemchemi yangu imekauka tangu mwaka jana."

Kicheko kikaanza nyuma kikaja mpaka mbele. Kijana mmoja akapaza sauti: "Mzee, basi mtambo tufunge kwa tangi yako!" Kipkoech alicheka mpaka akakalia kofia yake. Mimi pia nikacheka, ningefanya nini? Lakini masikio yangu yalikuwa yamewaka kama mlango wa boila. Chepchirchir ndiye aliyewanyamazisha. Akasema, "Mzee amesema ukweli mbele yetu. Nani mwingine atasema ya kwake?" Ungeona jinsi wenye miti walivyoanza kutazama viatu.

Kura ikapita: mtambo ujengwe, mikaratusi ya karibu na maji itoke, na kila anayekata apande mingine kule juu penye mawe kwa ajili ya kuni. Hayo makaa yako ya kubana watayajaribu kwenye boila moja. Usianze kucheza ngoma. Nimewaambia nitakuwepo siku hiyo, na moto ukiwa mnyonge nitasema.

Miti ya Mosoti niliikata mwenyewe. Niliajiri watu wa msumeno, lakini kila mti niliuanza kwa shoka, mapigo machache, kwa heshima. Magogo yalipofika kiwandani niliwaomba vijana wa boila waniruhusu kutia gogo la kwanza. Wakanipa glavu. Nilisimama pale hadi likashika moto, nikaendelea kusimama. Chai iliyokaushwa siku hiyo sijui imekwenda kwa nani, lakini atakuwa amekunywa chai nzuri.

Nililia, Kemuma. Kikohozi kilinisaidia kuficha.

Chemchemi bado ni kavu. Nakuambia kabla hujauliza.

Baba yako mdogo,
Sagini


Lodwar,
14 Septemba 2025

Baba Mdogo wangu,

Shikamoo. Habari za kwetu nitaziandika siku nyingine, leo zimenikimbia.

Sikujua kwamba Baba alikuwa anaumwa siku ile. Nilikuwa nimeketi kwenye jiwe pale karibu, nikimcheka alivyofumba jicho moja akikagua miche. Nilidhani ni maringo. Nimefurahi kwamba wewe ulijua, na kwamba ulichimba mashimo bila kumwambia mtu.

Sijacheza ngoma. Nilisoma barua yako nikaenda kwa yule mama wa makaa. Nilimuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza kabla sijaandika neno: akiacha makaa, atauza nini? Aliniangalia kama mtu aliyesubiri mwaka mzima kuulizwa. Tuliongea hadi mbuzi wakarudi. Jumatatu nimefuta ile faini kwenye sera yangu. Mkubwa wangu amenuna. Nimemwambia tutaanza na njia nyingine ya kuwapa watu riziki na mitungi ya gesi inayofika kwa wakati, halafu ndipo tuzungumze juu ya adhabu. Akauliza wazo hili nimelitoa kwenye utafiti gani. Nikamwambia, kwenye gunia.

Pole, Baba Mdogo. Na asante.

Kemuma


Mogogosiek,
23 Novemba 2025

Kwa mwanangu Kemuma,

Nakusalimu mara nyingi. Goti la Nyambeki lilituambia juu ya mvua za mwezi wa kumi kabla ya redio, na sasa anatembea kwa majivuno kama ofisa wa hali ya hewa. Sera amekuwa fahali na amemrusha Obure juu ya ua, bila madhara, ila ya heshima. Mtambo bado ni mashimo na mabango, lakini bango ni zuri. Makaa ya kubana yamejaribiwa. Moto ulikuwa... ulikuwa wa kuridhisha. Usiniulize zaidi.

Mkaratusi ni mti mkaidi. Visiki vya baba yako vimeanza kuchipua, kila kisiki na kichwa cha nywele. Watu wananiambia nivipake dawa vife mara moja. Mimi nimekataa. Kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma majani ninashuka pale, nazunguka kisiki baada ya kisiki, navunja machipukizi kwa mkono. Nikiwa navunja namweleza Mosoti habari: nani amezaliwa, nani amegombana na nani, na kwamba binti yake amefuta faini. Nyambeki anasema nimezeeka. Namwambia ni kazi ya kamati.

Wiki mbili zilizopita, nikiwa katika kazi hiyo ya kamati, soksi yangu ililoa. Nikadhani ni umande. Niliinama, nikaondoa majani kwenye mawe ya baba yako, nikaona bomba linatoa jasho. Sikumwambia mtu. Siku chache baadaye jasho likawa tone, na sasa ni uzi, uzi mwembamba wa maji, na unafika chini. Usikimbie kuandika ripoti. Huenda ni sababu ya miti kutoka, huenda ni mvua tu. Mwezi wa pili ukija na jua lake, ndipo tutajua, na safari hii Nyambeki amekaa na ufunguo wa mpira.

Chepchirchir ndiye wa kwanza niliyemwita. Alikinga kikombe, akangoja kijae, na kilichukua muda. Akaonja. Alimwaga kilichobaki mikononi akajipaka usoni, akaenda kuleta mtungi.

Na mimi nimekingia chupa moja, ile Opiyo anakupa pamoja na barua hii. Nimeifunga kwa nailoni mara mbili, na nimemwapisha Opiyo asiinywe hata gari likiharibika Kitale. Fanya chai nayo. Ichemshe kwa gesi, au kwa makaa, au kwa hilo jua lenu la kukaanga watu. Sitauliza.

Lakini kabla ya kuichemsha, hata hujavua mkoba, weka mdomo kwanza, kisha uniandikie kama umeyatambua.

Baba yako mdogo,
Sagini